Ubao Uliogeuzwa Uso

Orville Bitsilly alikuwa mtu wa uzio. Wapo waliozaliwa kuwa watu wa farasi, wapo waliozaliwa kuimba kwenye sherehe za uponyaji, na wapo ambao chupa iliwachagua kabla hawajachagua chochote. Yeye alipewa uzio. Ukipita kwenye nyanda zile za mchanga mwekundu za Wanavaho, ukaona waya umenyooka mpaka macho yanachoka kuufuata, huna haja ya kuuliza ni kazi ya nani.

Watu wengi hudhani nguzo ya chuma ni nguzo ya chuma. Sivyo. Ina upande wenye meno, vinundu vidogo vilivyojipanga kutoka juu hadi chini, na meno hayo lazima yatazame kule mifugo inakokaa. Ng'ombe akijikuna au akiegemea, waya hukandamizwa kwenye nguzo. Ukigeuza meno upande wa pili, ng'ombe huyohuyo atavibetua vibanio vyako kimoja kimoja kama anayetoa vishikizo vya shati. Orville aliyajua hayo tangu alipokuwa kijana wa kubeba bomba la kugongea nguzo, lile bomba zito lenye mikono miwili ambalo jioni humfanya mtu ashindwe hata kujichana nywele.

Baba yake hakuwahi kumwona akijenga uzio wowote. Alikuwa mchimbaji kwenye shimo lililokuwa juu ya mwamba, wakati ule wazungu walipokuwa wakiutaka ule udongo wa njano, urani, kwa ajili ya mabomu yao. Alikuwa akirudi nyumbani na vumbi lake mpaka kwenye nyusi, anaketi kula, na nguo zake zinafuliwa kwenye karai lilelile alilooshewa mtoto. Kikohozi kilimwanza angali kijana. Alipokwisha yeye, mama yake Orville naye hakukaa sana. Mtoto akachukuliwa na mdogo wa mama yake, Yanabah, aliyekuwa na binti mmoja tu, Rowena. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Orville yatima, kwa kuwa mama mdogo ni mama, na mama alikuwepo, na sauti yake ilisikika bonde zima akiwafokea mbuzi.

Basi miaka ikaenda. Kampuni ya mashimo ilishafungasha na kuondoka zamani, mashimo yakaachwa wazi, na marundo ya mawe ya taka yakabaki yamemwagika kwenye miteremko kama uji uliofurika chunguni. Watu walijengea mawe yale. Watoto waliteleza juu yake. Halafu serikali ikakumbuka. Ikaleta watu wa vipimo, na baada ya watu wa vipimo ikaleta mkandarasi, na mkandarasi akatafuta watu wa kuzungushia uzio na kufunga mabango. Kila aliyeulizwa alitaja jina moja.

Orville alimchukua binamu yake, Lamar Cly, mtoto wa shangazi yake. Hawa wawili walikuwa na haki ya kutukanana tangu tumboni, na waliitumia yote.

"Binamu, kaza taratibu," Lamar alikuwa akisema. "Unakaza kama mtu anayefunga mke asitoroke."

"Wako si alitoroka? Nilimwona na nati mkononi."

"Alikuwa anakuja kwako. Akauona uso wako, akapitiliza mpaka Albuquerque."

Kazi ya mabango ilikuwa na ufundi wake. Upepo wa kule haulali. Bango lililofungwa kwa waya mbili za haraka litacheza, litalia kutwa kucha, na mwisho matundu yake yatapanuka na lenyewe litaruka kwenda kuezeka banda la kuku la mtu. Orville alikuwa akipitisha kamba ya chuma nyuma ya nguzo, anaibana kwa bolti mbili juu na mbili chini, anaweka washa laini, kile kiduara cha mpira, ili bati lisiliwe na bolti, halafu nati za aina yake, zile ambazo ukizikaza hadi mwisho kichwa hukatika, ikabaki duara tupu isiyoshikwa na spana yoyote. Kichwa kikikatika hutoa mlio mdogo, tak, na hapo bango ni la milele. Juu ya kila nguzo alivika kofia ya plastiki ya njano, farasi asije akajitoboa.

Shimo baada ya shimo. Kisha, majira ya kuchipua, msimamizi wao alikuja na bango la namna nyingine na akamwonyesha kwenye ramani mahali pa kulisimamisha. Halikuwa shimo. Ilikuwa chemchemi. Maji yalikuwa yamepimwa na hayakufaa kunywewa na mtu wala mnyama.

Orville aliitazama ramani ile muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Hapo nitakwenda mwenyewe," alisema. "Hapo ni kwa mama yangu."

Walipofika walizima injini wakakaa ndani ya pikapu, kama adabu inavyotaka, wakingoja mwenye nyumba atoke. Nyumba ilikuwa ileile ya magogo, ya duara, mlango ukitazama mawio. Moshi wa mreteni ulikuwa unatoka juu. Baada ya muda Mama Yanabah alitokeza na beseni la majivu.

"Nani hao wamekaa garini kama polisi?" aliuliza kwa nguvu, ingawa pikapu aliijua. "Shukeni. Kahawa haitawafuata huko."

Wakashuka, wakampa mkono kwa upole, wakaingia. Aliwapakulia mchuzi wa kondoo na mkate wa kukaanga, akawamiminia kahawa. Orville alikitazama kikombe. Alijua maji yametoka wapi. Akanywa. Angefanyaje?

Sasa hapa pana jambo. Kwa watu wale, mtu hamwambii mwenzake uso kwa uso kwamba utaugua, au utakufa. Neno la namna hiyo ukishalitamka umeliita, na likiitwa huja. Hata wakalimani wa hospitali, daktari anaposema "mwambie ana hatari", husimama wakazunguka maneno kama mtu anayezunguka nyoka. Husema habari za mtu fulani, mahali fulani. Mwenye masikio atajichukulia lake. Orville alilelewa hivyo, tena alilelewa na mwanamke huyuhuyu aliyekaa mbele yake.

Kwa hiyo akaanza kwa mbali.

"Mama, nimesikia upande wa kusini kulikuwa na mtu. Alikuwa na chemchemi chini ya shimo. Akawa anakunywa maji yake, miaka na miaka. Wanasema mwili wa mtu huyo haukukaa sawa."

"Maskini," alisema Mama Yanabah. "Wa ukoo gani?"

"Sikuambiwa."

"Ungeuliza. Mtu hujui hata ukoo wake, utamwonea huruma vipi?"

Lamar alikohoa ndani ya kikombe. Orville akajaribu tena.

"Mtu huyo baadaye aliletewa maji ya mapipa kutoka mjini. Akaona ni afadhali."

"Maji ya mapipa yana ladha ya pipa. Huyo mtu wako hana ulimi." Akasukuma sufuria mbele. "Kuleni. Mmekuja kunifunga waya, au mmekuja kunihadithia watu wasio na ukoo?"

Walipokwenda kupiga nguzo pale chemchemi, aliwafuata, sketi yake ndefu ikifagia mchanga, mbwa wawili nyuma yake. Maji yalikuwa yakitoka kwenye ufa wa mwamba na kujikusanya ndani ya bakuli la jiwe, safi, baridi, yasiyo na harufu. Alisimama akitazama bomba likipanda na kushuka. Lamar alipolitoa bango ndani ya gari, alisogea karibu.

Lilikuwa bati jeupe lenye maandishi ya Kiingereza na ya Kinavaho, na juu yake fuvu la kichwa na mifupa miwili. Mama Yanabah hakujua kusoma lugha yoyote. Lakini uso ule aliuona.

"Huyo ni nani?"

"Ni alama tu, mama."

"Alama ya nini? Huyo ni mfu." Sauti yake ilishuka. "Umemleta mfu ukamsimamisha kwenye maji ninayonyweshea wana-kondoo? Ewe mtoto niliyekubeba mgongoni?"

"Serikali imesema..."

"Serikali haina mama?"

Orville alianza kupitisha kamba ya chuma nyuma ya nguzo.

"Mgeuze," alisema Mama Yanabah. "Kama ni lazima asimame hapa, basi atazame mwamba. Asinitazame mimi nikichota maji."

Na Orville akamgeuza. Alilifunga bango uso wake ukitazama jiwe, umbali wa kiganja, mahali ambapo hata mjusi angepita kwa kujibana. Nati zile za kukatika kichwa alizirudisha mfukoni, akatumia za kawaida. Kwa upande wa njia ikawa bati jeupe tupu.

"Ahsante, mwanangu," mama yake alisema. Akatia maji kwenye ndoo akaenda zake.

Walipofika barabara ya lami, Lamar alimgeukia.

"Binamu, msimamizi akipita pale?"

"Kigari chake hakifiki pale."

"Na yeye mama?"

"Nitamletea maji ya mapipa."

"Ameshasema maji ya mapipa..."

"Nimesema nitamletea, Lamar."

Alimletea kweli. Kila Jumamosi pikapu ilipanda na mapipa mawili ya bluu nyuma, na kila Jumamosi mapipa ya juma lililopita yalikuwa bado yamejaa karibu yote. Mama Yanabah alikuwa akiyatumia kulowekea sufi na kuoshea miguu. Kahawa ilikuwa ya chemchemi. Uji wa mahindi ya bluu ulikuwa wa chemchemi. Orville alikuwa akiketi, anapokea kikombe, anakunywa, anaaga.

Wakati wa joto kali miguu ya Mama Yanabah ilianza kuvimba. Viatu vikamkataa, akawa anavaa vya marehemu mumewe. Halafu uso ukawa unajaa asubuhi. Rowena, binti yake, aliyekuwa akifanya kazi mjini kwenye duka la vyakula, alimpeleka hospitali, na daktari akamvuta pembeni akamwambia habari za figo, na akauliza mama anakunywa maji ya wapi.

Rowena alimngoja Orville nje ya hospitali, mikono ameikunja.

"Daktari anataka aambiwe wazi. Nimekataa."

"Rowena, hatayaacha yale maji kwa hadithi za watu wa kusini."

"Basi tutafute njia. Nitamwambia yana chumvi. Nitamwambia mbwa amefia humo. Lakini kumtamkia, hapana. Atamtamkiaje mtu mama yake? Ukimtamkia, kaka, umemmaliza."

Rowena akajaribu njia zake. Mama Yanabah alionja akasema hayana chumvi. Akawahesabu mbwa wake akasema wote wapo.

Orville alipanda siku moja ambayo haikuwa Jumamosi. Alimkuta mama yake mbele ya mtande wa kufumia, zulia la sufi limefika nusu, milia myeusi na ya kijivu, vidole vimevimba hata uzi ulikuwa unapita kwa shida. Hakuinuka. Alimwonyesha birika kwa kuchomoza midomo.

"Jimiminie."

Orville akajimiminia, akakaa, akakiweka kikombe sakafuni. Mvuke ulipanda, ukapungua, ukaisha.

"Kahawa yako inapoa."

"Sitakunywa, mama."

"Unaumwa?"

"Sitakunywa kwa sababu ya maji." Akakisukuma kikombe mbali. "Yana sumu ya kule shimoni. Yamepimwa. Ndiyo yaliyokula figo zako. Ukiendelea kuyanywa yatakuua."

Hakusema mtu fulani. Alisema wewe.

Mama Yanabah alikuwa ameshika ubao wa kushindilia nyuzi. Hakuuweka chini. Nje mbuzi mmoja alikuwa akigonga pembe kwenye lango la zizi, akinyamaza, akigonga tena.

"Baba yako hakuna aliyemwambia," alisema hatimaye. "Nguo zake nilikuwa namsaidia dada kuzifua. Vumbi lile tulikuwa tunakung'uta hapo mlangoni. Hakuna aliyetuambia."

"Najua, mama."

"Wewe ulijua lini? Habari ya maji."

"Wakati wa kuchipua."

"Siku ya ule ubao wa mfu."

"Siku ile."

"Na ukaugeuza."

"Wewe uliniambia niugeuze."

Hapo ndipo alipogeuka kumtazama, na macho yake hayakuwa na hasira yoyote. Ingekuwa hasira, Orville angeibeba.

"Mimi sijui kusoma, mwanangu. Wewe ulikuwa unajua."

Akarudi kwenye mtande, akashindilia mstari aliokuwa ameuanza, akakata uzi.

"Nenda kaugeuze," alisema. "Watu wengine wanapita pale."

Akaenda. Alifungua nati zile za kawaida, akaugeuza ubao uso kwenye njia, akaweka nati nyingine, na alipozikaza vichwa vikakatika, tak, tak, tak, tak, mlio ukigonga mwamba na kurudi. Aliporudi nyumbani, kikombe chake kilikuwa kimeoshwa na kufunikwa, na birika limemwagwa. Mama Yanabah hakuyanywa tena maji yale, hata tone moja. Hilo lisemwe wazi.

Lakini tangu siku ile alianza kuishi kama mtu aliyekwisha ambiwa. Zulia lake halikusonga mbele. Kondoo aliwagawa, huyu wa mjukuu, huyu wa jirani, kama anayegawa sabuni. Shanga za firuzi alizivua shingoni akamvika Rowena kwenye maegesho ya hospitali, mchana, watu wakitazama. Walimwita mwimbaji wa dawa aje aondoe lile neno, na mwimbaji akauliza lilitamkwa na nani, kwa maneno gani. Rowena ndiye aliyejibu. Orville hakuitwa kwenye sherehe ile. Alikata kuni za siku zote nne za sherehe, akazishusha mbali na mlango, akaondoka.

Walimhamishia mjini kwenye mashine ya kusafisha damu. Alikwenda bila ubishi, jambo lililowatisha wote waliomjua. Theluji ya kwanza ilipoanguka, alikuwa ameshakwenda zake, kwenye kitanda cha hospitali, mbali na nyumba, kama wazee wanavyotaka, ili nyumba isiharibiwe na kifo. Hata hivyo hakuna aliyerudi kuishi mle.

Baada ya mazishi watu walikula ukumbini, mchuzi na mkate, kahawa kwenye madumu makubwa. Orville alisimama kwenye foleni na sahani yake. Rowena alikuwa akipakua. Alipomfikia, kijiko kilisimama.

"Ulimtamkia," alisema. Si kwa kelele. Shanga za mama yake zilikuwa shingoni. "Alikuwa mgonjwa, lakini alikuwa anafuma. Alikuwa anagombana na mbuzi. Ulipomtamkia, alikaa akangoja."

Orville akaiweka sahani mezani, tupu, akatoka.

Lamar alimfuata mpaka kwenye pikapu. Siku hiyo hakuwa na utani hata wa dawa.

"Nimwambie habari ya ubao? Kwamba shida si kusema, shida ilikuwa kuchelewa kusema?"

"Usimwambie."

"Anakuonea."

"Haonei. Ana sababu moja, inamtosha. Ukimwambia ya ubao atakuwa na mbili." Akawasha injini. "Na mimi mwenyewe sijui ipi ilikuwa kubwa."

Mkandarasi bado alikuwa na mabango. Mwezi uliofuata walikuwa upande wa pili wa milima, kwenye bonde ambalo hakuna aliyewajua, na kulikuwa na kisima chenye kopo lililofungwa mnyororo. Orville alikuwa ameshapiga nguzo, meno yake yakitazama njia, bango limesimama, bolti mbili za juu zimeingia. Mlango wa nyumba ya karibu ukafunguka, akatoka mzee mmoja mwenye kofia nyeusi, na ndoo mkononi, mbuzi wakimfuata. Ndoo ilikuwa imejaa. Alikuwa ameshachota asubuhi. Walisalimiana, wakatajiana koo zao, na ikaonekana kwamba kwa ukoo wa baba mzee yule alikuwa ni babu yake Orville.

"Mjukuu wangu," alisema mzee, akichomoza midomo kuelekea kwenye bati. "Hicho kinasema nini?"

Lamar aliacha kupanga spana. Alimtazama binamu yake, kisha akatazama chini.

"Kinasema usinywe, Babu," Orville alijibu. "Maji haya yana sumu. Ukiyanywa yatakuua."

Mzee alisimama hivyohivyo. Alimtazama Orville kama unavyomtazama mtu aliyetupa jiwe kwenye dirisha lako, ukawa bado hujaamini kwamba ni yeye. Halafu akaiinamisha ndoo, polepole, maji yakamwagika yote mchangani. Akarudi ndani akafunga mlango.

Mbuzi walikuja, wakaanza kulamba mchanga uliolowa. Orville aliwafukuza kwa kofia yake. Walikimbia hatua chache, wakageuka, wakarudi.